MWALIMU SEPTIMA CLARK: KALAMU, KATIBA NA KURA

Utangulizi

Historia ya harakati za haki za kiraia nchini Marekani inapotajwa katika madarasa yetu, majina yanayotangulia ni yale yale: Martin Luther King, Rosa Parks na Malcolm X. Picha zinazotujia akilini ni za maandamano, za mbwa wa polisi na za hotuba mbele ya umati. Picha hizo ni za kweli, ila zina upungufu mmoja. Hazituonyeshi darasa la watu wazima walioketi usiku nyuma ya duka, wamechoka kwa kazi za mchana, wakijifunza kushika penseli. Ikumbukwe kuwa katika majimbo mengi ya Kusini mwa Marekani mtu mweusi hakuweza kupiga kura kabla ya kuthibitisha mbele ya karani mzungu kwamba alijua kusoma. Kwa hivyo, safari ya kwenda kwenye sanduku la kura ilianzia kwenye alfabeti.

Makala haya yanasimulia maisha ya Septima Poinsette Clark (1898–1987), mwalimu aliyeielewa safari hiyo kuliko wengi wa wakati wake. Hoja yetu kuu ni kuwa ushiriki wa raia katika uongozi wa nchi yake hauji kwa kuamrishwa wala kwa kuhimizwa tu. Ni jambo linalofundishwa, na hufundishwa vyema na watu wa pale pale, kwa lugha ya pale pale, kuanzia pale mwanafunzi aliposimama. Clark hakuzaliwa na fikra hiyo. Aliifikia baada ya kushindwa, kama tutakavyoona.

Chimbuko na malezi

Septima Poinsette alizaliwa tarehe 3 Mei 1898 katika mji wa bandari wa Charleston, jimbo la South Carolina, akiwa mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake, Peter Poinsette, alizaliwa mtumwa. Miongoni mwa kazi zake za utotoni ilikuwa kuwasindikiza watoto wa bwana wake shuleni akiwabebea vitabu. Watoto waliingia darasani, naye akabaki nje kuwangoja. Mama yake, Victoria Anderson, alikulia kwa muda nchini Haiti na kupata elimu huko. Alikuwa mwanamke mkali, aliyefua nguo za watu ili kuilisha jamaa yake, na alijivunia kutowahi kuwa mtumwa wa mtu yeyote. Kutoka kwa baba, Septima alirithi upole na subira, na kutoka kwa mama akarithi ujasiri wa kutoinamisha kichwa.

Mwaka wa 1916 alihitimu katika Taasisi ya Avery, shule ya Charleston iliyowaandaa vijana weusi kuwa walimu. Hata hivyo, mji uliomsomesha haukuwa na kazi ya kumpa, kwa kuwa shule zake za umma hazikuajiri walimu weusi, hata zile za watoto weusi. Akiwa na umri wa miaka 18, alivuka maji kwenda kufundisha katika kisiwa cha Johns Island.

Mwalimu wa kisiwani

Katika shule ya Promise Land, Septima na mwenzake mmoja walikuwa na wanafunzi 132. Mkabala na shule yao palikuwapo shule ya wazungu yenye wanafunzi watatu. Septima, aliyekuwa mwalimu na wakati huo huo mkuu wa shule, alilipwa dola 35. Mwalimu wa wale watatu alilipwa dola 85. Mtu hahitaji mjadala mrefu kuhusu maana ya ubaguzi akishazitazama tarakimu hizo.

Kwa sisi wanafunzi wa lugha, jambo la kuvutia zaidi ni namna alivyofundisha. Wakazi wa visiwa hivyo, ambao ni wazao wa watumwa waliotoka sehemu mbalimbali za Afrika, walizungumza Kigullah, lugha iliyochanganya Kiingereza na athari za lugha za Kiafrika. Walimu wengi wa enzi hizo waliiona lugha hiyo kuwa Kiingereza kilichoharibika. Ilimbidi mwanaisimu mweusi, Lorenzo Dow Turner, kuchapisha utafiti wake mwaka wa 1949 ndipo wasomi waanze kuuona Uafrika uliomo ndani yake. Septima alikuwa amekwisha kulielewa jambo hilo kwa njia ya darasa. Hakuwaambia watoto kuwa wamekosea. Aliandika maneno kama walivyoyatamka, kisha akawaonyesha jinsi maneno yayo hayo yanavyochapishwa vitabuni. Vitabu vyenyewe vilikuwa adimu, basi alichukua mifuko ya karatasi ya dobi na kuandika juu yake hadithi za mambo waliyoyaona kila siku: miti, wanyama na maji yaliyowazunguka. Yeyote miongoni mwetu aliyewahi kuvishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama ataupima uzito wa tendo hilo.

Usiku aliwafundisha watu wazima. Baadhi yao walikuwa wanachama wa vyama vya kusaidiana waliotaka kuweka kumbukumbu za mikutano na kuzungumza mbele ya wenzao. Hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kuwa mtu mzima hujifunza upesi akiwa na haja ya jambo analojifunza.

Sahihi na mahakama

Mwaka wa 1919 alirudi Charleston kufundisha Avery na akajiunga na NAACP, chama kilichotetea haki za watu weusi. Alishiriki kuzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kudai walimu weusi waajiriwe katika shule za umma za mji huo. Maelfu walitia sahihi, na mwaka wa 1920 mlango ukafunguliwa.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na raha hiyo. Mwaka wa 1920 aliolewa na Nerie Clark, aliyekuwa mpishi katika jeshi la majini. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alikufa akiwa mchanga. Mwaka wa 1925 walipata mtoto wa kiume, na kabla ya mwaka huo kwisha mumewe akafariki kwa maradhi ya figo. Septima hakuolewa tena. Kwa kuwa mshahara wake haukutosha, alilazimika kumpeleka mwanawe kulelewa na wakwe zake katika jimbo la North Carolina. Mwanamke aliyekuja kuwasomesha watu wengi hakupata nafasi ya kumlea mwanawe wa pekee chini ya paa lake.

Kuanzia 1929 hadi 1947 alifundisha katika mji wa Columbia, makao makuu ya jimbo. Alishiriki mpango wa kupambana na ujinga wa kusoma na kuandika, ambapo aliwafunza askari weusi kuandika majina yao. Yeye mwenyewe hakuacha kusoma. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo cha Benedict mwaka wa 1942 na ya uzamili katika Taasisi ya Hampton mwaka wa 1946. Aidha, alisaidia NAACP na wakili wake Thurgood Marshall katika kesi ya kudai mishahara sawa kwa walimu weusi na weupe. Mwaka wa 1945 Jaji J. Waties Waring aliamua kwa upande wa walimu. Marshall huyu ndiye aliyekuja kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba yaliyofanyika London mwaka wa 1960.

Barua 726

Mwaka wa 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Wanasiasa wazungu wa Kusini waliukabili uamuzi huo kwa hasira. Mwaka wa 1956 bunge la South Carolina lilipitisha sheria iliyowakataza wafanyakazi wa umma kuwa wanachama wa NAACP. Walimu walitakiwa kueleza kwa maandishi vyama vyao. Wengi walinyamaza au wakaficha. Clark aliandika waziwazi kuwa yeye ni mwanachama.

Hakuishia hapo. Alishiriki kuwaandikia barua walimu weusi 726 akiwasihi wasimame pamoja kuipinga sheria ile. Waliojibu walikuwa 26. Siku ya kwenda kumwona mkuu wa elimu ilipowadia, waliofika walikuwa watano tu. Muda si muda Clark alifutwa kazi. Alikuwa na umri wa miaka 58, amefundisha kwa miaka 40, na pamoja na kazi alinyang'anywa pensheni yake. Wanawake wenzake wa chama cha wasomi walimwandalia hafla ya kumuenzi, lakini wakaogopa kupigwa picha naye wasije wakapoteza kazi zao.

Lingekuwa jambo jepesi kwake kuwalaumu wenzake kwa woga. Badala yake, alihitimisha kuwa kosa lilikuwa lake: alikuwa amewasukuma watu kwenye jambo ambalo hawakuwa wameandaliwa kulikabili. Barua haimwandai mtu. Kinachomwandaa ni kuketi naye, kumsikiliza na kumfundisha hadi aone mwenyewe kwa nini asimame. Kwa maoni yetu, huu ndio mgeuko mkuu wa maisha yake.

Shule nyuma ya duka

Aliyempa kazi baada ya kufutwa ni Myles Horton, mkurugenzi wa Highlander, shule ya watu wazima iliyoanzishwa mwaka wa 1932 katika milima ya Tennessee. Hapo weusi na weupe walikula na kulala chini ya paa moja kinyume na desturi ya Kusini. Clark alifika huko mara ya kwanza mwaka wa 1954. Kiangazi cha 1955 aliongoza warsha iliyohudhuriwa na mshonaji mpole kutoka Montgomery aliyeitwa Rosa Parks. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Desemba 1955, Parks alikataa kumpisha mzungu kiti katika basi.

Katika Johns Island, wakati huo huo, alikuwapo mfanyabiashara aliyeitwa Esau Jenkins. Alikuwa na basi lililowachukua wakazi wa kisiwa kwenda kazini Charleston kila asubuhi, na humo garini alikuwa akiwasomea sehemu za katiba ya jimbo. Mmoja wa abiria, Alice Wine, aliikariri katiba kwa kuisikia tu, lakini hakuweza kuisoma. Alimwambia Jenkins kuwa alitaka kuisoma hasa, ili awe mpiga kura. Tangu katiba ya jimbo ya 1895, aliyetaka kujiandikisha alipaswa kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba hiyo, au awe na mali yenye thamani ya dola 300 au zaidi. Wazungu wasiojua kusoma walifumbiwa macho. Weusi walikaguliwa kila herufi.

Clark, Jenkins na Horton walishauriana. Kwa mkopo kutoka Highlander, chama cha wanakisiwa kilinunua jengo kuukuu. Vyumba vya mbele vikawa duka la ushirika, ili wazungu wasishuku, na vya nyuma vikawa darasa. Swali likawa: nani afundishe? Clark hakutaka mwalimu mwenye vyeti, kwa kuwa huyo angewaona wanafunzi wake kuwa wajinga. Alimchagua ndugu yake, Bernice Robinson, msusi na mshonaji wa nguo. Msusi mweusi alikuwa na sifa mbili muhimu: alijua kusikiliza watu, na wateja wake wote walikuwa weusi, hivyo hapakuwa na mzungu wa kumfuta kazi.

Darasa lilianza tarehe 7 Januari 1957 likiwa na wanafunzi 14. Robinson aliwaeleza kuwa yeye si mwalimu na kwamba wangejifunza pamoja. Kisha akawauliza walitaka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma barua za watoto wao waliokuwa mbali, kujaza hawala ya posta na kusoma Biblia. Akaanza na hayo. Ukutani alibandika Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, akinuia kuwa mwisho wa muhula waweze kulisoma. Katiba ya jimbo ilifuata, na wanafunzi wakaenda kujiandikisha kuwa wapiga kura. Habari zikavuka maji, na visiwa vya jirani vya Wadmalaw na Edisto vikaomba shule zao.

Kwa msomaji wa Kenya, mwaka ule wa 1957 una mwangwi wake. Mwezi wa Machi, miezi miwili baada ya darasa la Johns Island kuanza, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Nao pia walipimwa kwanza. Elimu, kipato, mali na utumishi ndivyo vilivyoamua nani apige kura, na mtu mmoja aliweza kuwa na hadi kura tatu. Penye nia ya kuwanyima watu sauti, kipimo cha elimu hakikosi kutafutwa.

Kuenea kwa shule za uraia

Serikali ya Tennessee haikuipenda Highlander. Usiku wa tarehe 31 Julai 1959 polisi waliivamia na kumkamata Clark kwa tuhuma za kuwa na pombe, ilhali hakuwa mnywaji. Mashtaka hayo hayakufika mbali, lakini mahakama ilitumia uvamizi huo kuifutia shule hati yake. Mwaka wa 1961 mpango wa shule za uraia ulihamishiwa kwa SCLC, shirika lililoongozwa na Martin Luther King. Clark, Dorothy Cotton na Andrew Young waliwafunza walimu wapya katika kituo cha Dorchester, jimbo la Georgia.

Watu walikuja kwa mabasi kutoka kote Kusini: wakulima, wasusi, wahubiri na watumishi wa nyumbani. Masharti hayakuwa magumu. Aliyeweza kusoma vizuri kwa sauti na kuandika ubaoni kwa mwandiko unaosomeka alifaa. Walirudi makwao kufundisha jikoni, makanisani na chini ya miti. Fannie Lou Hamer wa Mississippi, aliyekuja kutikisa nchi kwa ushahidi wake wa mwaka wa 1964, alikuwa akitoka mafunzo ya uraia mjini Charleston alipokamatwa na kupigwa vibaya gerezani Winona mwezi wa Juni 1963. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya tarehe 6 Agosti 1965 iliposimamisha mitihani ya kusoma katika majimbo hayo, tayari kulikuwa na maelfu ya watu waliojua wafanye nini na haki hiyo. Sheria ilifungua mlango, na shule zilikuwa zimekwisha kuwafunza watu kutembea.

Mwanamke miongoni mwa wanaume

Ndani ya SCLC wapo viongozi waliouliza hadharani mwanamke huyu alifanya nini katika halmashauri yao. Clark alikuja kusema kuwa kuwadharau wanawake kulikuwa mojawapo ya udhaifu mkubwa wa harakati hizo. Wakati mmoja alimwandikia King barua akimshauri asiongoze kila maandamano mwenyewe, bali awaandae viongozi wengine kila mahali. Barua iliposomwa mbele ya maofisa, waliicheka. Hata hivyo, King alipouawa mwaka wa 1968, pengo lililobaki lilidhihirisha ukweli wa ushauri ule.

Clark alistaafu mwaka wa 1970, ila hakupumzika. Katika miaka ya sabini alichaguliwa kwenye halmashauri ya shule ya kaunti ya Charleston, chombo kilichosimamia shule zile zile zilizomfukuza. Mwaka wa 1976 gavana wa jimbo aliagiza arudishiwe pensheni yake. Alifariki tarehe 15 Desemba 1987 katika Johns Island, kisiwa alikoanzia kazi, akiwa na umri wa miaka 89.

Kumbukumbu za umma

Tunayajuaje haya yote kuhusu mwanamke ambaye vitabu vingi vya shule vilimruka? Tunayajua kwa sababu yeye na wengine walihifadhi. Aliandika tawasifu mbili, ya kwanza mwaka wa 1962 na ya pili mwaka wa 1986. Mwaka wa 1976 mtafiti wa historia simulizi kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina alimhoji kwa saa kadhaa, na mahojiano hayo yamewekwa kwenye intaneti, sauti na maandishi, bila malipo. Jengo la Avery alikosomea sasa ni kituo cha utafiti kinachohifadhi nyaraka zake. Mlango wa gari la Esau Jenkins umo katika makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi yaliyofunguliwa Washington mwaka wa 2016.

Zipo pia kumbukumbu zinazotia uchungu. Barabara kuu yenye jina la Clark mjini Charleston ilijengwa kwa kupasua mitaa ya watu weusi na kubomoa nyumba zao. Jina likitundikwa barabarani bila maelezo huweza kuficha mengi kama linavyofichua. Ndiyo maana msomaji wa historia hana budi kusikiliza sauti ya mwenyewe.

Hitimisho

Maisha ya Septima Clark yanatuuliza swali sisi tunaosomea Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya sheria na miswada huandikwa kwa Kiingereza, na raia asiyekijua hutegemea kusimuliwa na mwanasiasa. Tofauti yake na Alice Wine, aliyekariri katiba asiyoweza kuisoma, si kubwa. Tafsiri ni mwanzo mwema, lakini tafsiri ni kama zile barua 726. Sharti awepo mtu wa kuketi na mwananchi na kumuuliza kwanza anataka kujua nini.

Vilevile, tangu kampeni ya kisomo ya mwaka wa 1979, vijiji vyetu vimekuwa na walimu wa ngumbaru waliofundisha kwa taa za mafuta katika makanisa na madarasa ya watoto. Baadhi yao wangali hai. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti na adabu ya kusikiliza anaweza kuyahifadhi masimulizi yao katika likizo moja. Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Wazee hawa hawatatungoja.